Sanduku la nyuki asiyehama

Wimbo wa mabwana nyuki, yaani maofisa ugani wa ufugaji nyuki, wanaozunguka vijiji vya Tabora, Katavi na Singida ni mmoja: acheni mizinga ya asili, chukueni ya kisasa. Hoja yao ina uzito. Mzinga wa magome hupatikana kwa kuchuna gome kuzunguka shina zima, mara nyingi la myombo au mtundu, na mti huo hukauka. Nyuki aliyekuwa akipata nekta kwenye maua yake atakwenda wapi? Mzinga wa gogo nao hurinwa usiku, juu ya mti, kwa mwenge. Mwenye pupa hukomba masega yote, asali na majana (watoto wa nyuki), na kundi lililopokonywa watoto huondoka.

Kwenye sanduku, yaani mzinga wa kisasa, mfugaji huinua sega mojamoja, akaacha lenye majana na kuchukua lile ambalo nyuki wamekwisha kuliziba kwa nta. Ukiishia hapo, mjadala umekwisha.

Balaa liko kwenye rula. Nyuki wetu ni mdogo kuliko wa Ulaya. Kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya linalofuata huacha milimita 32 hivi. Langstroth, mzinga wa fremu uliopewa hataza Marekani mwaka 1852, ulipimwa kwa nyuki wa Ulaya, ambaye huhitaji 35 au zaidi. Fundi akinakili vipimo hivyo, au akikadiria kwa jicho, nyuki hujenga mshazari, sega moja likashika viunzi viwili, vile vijiti vya kuning'inizia masega. Siku ya kurina, ukiinua kimoja unapasua masega mawili. Asali inachuruzika juu ya majana, siafu wanaipata harufu, na ukirudi wiki ijayo unakuta mzinga mtupu. Umenunua gogo kwa bei ya sanduku.

Ndiyo maana naupenda zaidi mzinga wa viunzi vya juu uliobuniwa Kenya miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada. Kuta zake zimeinama, hivyo nyuki hawagandishi sana masega ubavuni, na hauhitaji fremu, waya wala mashine ya kukamulia. Seremala wa kijijini mwenye kipimo sahihi anauweza.

Hata huo una deni kwa gogo. Ukuta mnene wa gogo huzuia joto. Sanduku la mbao nyembamba likiachwa juani, nyuki huacha nekta, wakabeba maji na kupepea kutwa. Tena nyuki huyu huhama akifuata maua, umjengee hata jumba. Mwenye magogo thelathini porini hashtuki matatu yakiwa matupu. Mwenye masanduku mawili ya mkopo hupoteza usingizi. Na soko halijali umbo: asali ya mizinga ya magome kutoka kaskazini-magharibi mwa Zambia imeuzwa Ulaya miaka mingi.

Magome ningeyaacha. Gogo ningelibakiza kwa mzee anayejua kurina nyuma na kuacha majana ya mbele karibu na mlango. Masanduku ya msaada yakifika kijijini kwangu, kabla ya hotuba na picha ningeomba rula, nikapima kiunzi cha kwanza.