Kabla Hujakubali Kukatwa Mifupa kwa Ajili ya Sentimita Sita

Mtu anayeumizwa na ufupi wake hupewa majibu mawili, na yote mawili ni ya kumnyamazisha. La kwanza ni "jikubali ulivyo", ambalo hutoka kwa watu wasiowahi kuitwa andunje wala kibushuti mbele za watu. La pili huletwa na matangazo ya upasuaji wa kurefusha miguu: utaingia mfupi, utatoka mrefu, na baada ya miezi michache utakuwa umesahau. Mimi nasema upasuaji huu ni tiba halali na mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuuchagua. Ila asiuchague akiwa bado ndani ya dhiki ileile anayotaka imwondoke. Dhiki itibiwe kwanza, kwa utaratibu na kwa miezi, kisha mfupa ujadiliwe. Sababu zangu nyingi ziko kwenye mfupa wenyewe, kwa hiyo naanzia huko.

Hakuna mguu unaovutwa ukiwa mzima. Daktari wa mifupa hukata mfupa wa paja au wa muundi, akijitahidi kutouharibu utando unaoufunika pamoja na mishipa ya damu, maana humo ndimo utakamotoka mfupa mpya. Baada ya kukata, kwa siku 5 hadi 7, pengine 10, hakuna linaloguswa. Mwili huanza kujenga tishu laini ya kuunga kama ufanyavyo kwa mvunjiko wowote. Kisha vipande viwili hutenganishwa milimita 1 kwa siku, kwa kawaida robo milimita mara nne. Muundi mara nyingi hupelekwa taratibu zaidi, kiasi cha milimita 0.75, kwa kuwa huunga kwa shida kuliko paja.

Kasi hiyo ni matokeo ya kazi ndefu ya Gavriil Ilizarov, daktari wa Kurgan huko Siberia, aliyeanza miaka ya 1950 akitibu mifupa iliyokataa kuunga na miguu isiyolingana. Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa Valery Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu wa mwaka 1964, ambaye mguu wake ulisagika kwenye ajali ya pikipiki. Ukienda haraka kuliko milimita hiyo 1 kwa siku, pengo linajaa nyuzinyuzi badala ya mfupa, na neva zinaanza kufa ganzi. Ukienda polepole mno, mfupa unaunga kabla ya wakati na kukataa kufunguka, na dawa yake ni kurudi chini ya nusukaputi ukakatwe upya.

Kuna njia mbili kuu za kutenganisha. Ya zamani ni vyuma vya nje: pete zinazozunguka mguu, zikishikwa na waya na skrubu zilizopenya ngozi hadi mfupani. Mgonjwa mwenyewe hushika spana na kuzungusha nati. Fito za chuma zinazounganisha pete zina mikunjo ya skrubu iliyoachana milimita 1, kwa hiyo mzunguko mmoja kamili ni milimita 1, na robo mzunguko ndiyo dozi ya asubuhi, mchana, jioni na usiku. Kila tundu la waya linaweza kuingiza vijidudu. Linapaswa kusafishwa na kuangaliwa kila mara, na likianza kuwa jekundu, kuuma au kutoa usaha, antibiotiki zianze mapema kabla maambukizi hayajafika mfupani.

Ya pili ni chuma cha ndani, kinachoingizwa katikati ya mfupa na kurefushwa kwa sumaku. Mtindo uitwao Precice uliidhinishwa Marekani mwaka 2011. Mashine yenye sumaku zinazozunguka huwekwa juu ya ngozi, pale palipotiwa alama sumaku ya ndani ilipo, ikaachwa ifanye kazi kwa dakika chache. Makovu ni machache na hakuna matundu ya kuuguza. Lakini chuma hicho hakibebi uzito wote wa mwili, kwa hiyo aliyekatwa mifupa ya miguu yote miwili hukaa kwenye kiti cha magurudumu au magongo hadi mfupa ukomae. Mwaka 2018 ulikuja mtindo wa Stryde, wa chuma kigumu zaidi, ulioruhusu kukanyaga kwa uzito wote. Mwaka 2021 uliondolewa sokoni baada ya kutu kuonekana kwenye maungio yake na mabadiliko kwenye mfupa wa jirani. Anayekuahidi leo kwamba utatembea kawaida tangu wiki ya kwanza muulize anatumia chuma gani, na kimekuwa kwenye miili ya watu kwa miaka mingapi.

Sasa piga hesabu ya sentimita 6 za paja. Kungoja, wiki moja. Kutenganisha, siku 60, na picha za eksirei kila wiki moja au mbili. Baada ya hapo unakuwa na urefu wako mpya, lakini katikati ya paja hakuna mfupa mgumu bado, na ukomavu wake huchukua miezi miwili au mitatu zaidi, kwa mwenye bahati. Kutembea bila magongo huja kati ya mwezi wa nne na wa sita. Kukimbia, karibu mwaka. Kisha baada ya mwaka mmoja hadi miwili unarudi kutolewa vyuma. Mvutaji wa sigara aongeze muda usiojulikana, kwa sababu nikotini hubana mishipa ya damu na kuchelewesha kuunga. Madaktari wengi humkataa hadi aache kabisa.

Mifupa, hata hivyo, ndiyo sehemu rahisi. Misuli na neva havioti kwa kasi ya mfupa, na hapa ndipo watu wengi huumia. Ukirefusha muundi, msuli wa shavu la mguu unakaza na kisigino kinaanza kupanda, mpaka mtu anasimama kwa vidole. Kipimo chake ni rahisi: goti likiwa limenyooka, je, unyayo unafika nyuzi 90 na muundi? Usipofika, kasi ipunguzwe au kazi isimame. Ukirefusha paja, nyonga zinajikunja mbele, kiuno kinabonyea, na goti linakuwa gumu. Goti likishindwa kukunjwa hata nyuzi 45, wataalamu husimamisha au kupunguza kasi, kwa sababu kuendelea ni kuharibu gegedu la goti, ile tishu laini inayokinga ncha za mifupa, ili kupata milimita. Ndiyo maana mazoezi ya tiba ni ya kila siku, kwa saa kadhaa. Moja linaonekana la kipuuzi: unakaa, unaweka kisigino juu ya mto, na kuacha goti lining'inie bila kitu chini yake hadi uzito wake lenyewe ulinyooshe. Jaribu kulifanya mfupa wa paja ukiwa umekatwa, kwa nusu saa, ukiwa hujalala vizuri kwa wiki tatu.

Na hapo ndipo akili inapoingia. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kipindi cha kutenganisha ni cha maumivu, usingizi wa vipande na kumtegemea mtu mwingine hadi chooni. Aliyeingia akiwa na sonona isiyotibiwa huacha mazoezi, na anayeacha mazoezi ndiye anayebaki na goti lisilokunjika. Mwingine hufanya kinyume: anaficha ganzi ya mguu kwa daktari ili asiambiwe asimame kwenye sentimita 5. Neva inayopita pembeni ya goti ikivutwa mno, mguu unashindwa kuinua kidole gumba. Dalili hiyo haitakiwi kungoja miadi ya wiki ijayo.

Yapo mengine ambayo hayategemei bidii yako. Damu kuganda kwenye mishipa na kwenda mapafuni. Mafuta ya uboho kuingia kwenye damu wakati mifupa ya mapaja yote mawili inapochimbwa siku moja ili chuma kiingie. Mfupa kuota ukiwa umepinda. Chuma kuvunjika. Mwaka 2006 China ilipiga marufuku upasuaji huu kwa ajili ya urembo tu, baada ya kazi mbaya za hospitali zisizo na ujuzi. Sidhani marufuku ndiyo jibu, ila ni vyema kujua kwamba serikali nzima iliona madhara ya kutosha kufika huko.

Turudi kwenye dhiki. Kwanza itofautishwe. Kuna huzuni ya kawaida ya kubaguliwa: kweli watu wafupi hudharauliwa, hukataliwa katika mapenzi, hutaniwa hadharani. Huo ni udhalimu wa watu, wala si ugonjwa wa anayedharauliwa. Kuna pia ugonjwa wa akili ambapo mtu hujiona ana kasoro kubwa ya mwili kuliko wanavyoiona wengine. Dalili zake ni kuifikiria kasoro hiyo zaidi ya saa moja kwa siku, kujipima mara kwa mara, kujilinganisha na kila anayepita, kukwepa picha na mikusanyiko. Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Wenye ugonjwa huo mara nyingi hawaridhiki baada ya upasuaji wa urembo: kasoro huhama, au sentimita zilizopatikana huonekana chache. Unatibika, kwa tiba ya kisaikolojia ya kubadili mawazo na mwenendo, pamoja na dawa za kundi linaloongeza serotonini, kemikali ya ubongo, pale zinapohitajika. Mficha uchi hazai. Daktari wa akili hawezi kutibu asichoambiwa. Na kama mawazo yamefika kwenye kutaka kufa, jambo la urefu liwekwe kando leo hiihii, mwambie mtu mmoja unayemwamini, mwende hospitali.

Kwa wengine, kazi inaweza kuanza nyumbani. Acha kujipima. Mtu hupungua sentimita 1 hadi 2 kati ya asubuhi na jioni kwa sababu diski laini zilizo kati ya pingili za mgongo zinabanwa na kupoteza maji, kwa hiyo anayejipima kila siku anapima maji ya mgongo wake. Alama za penseli ukutani zifutwe. Kisha andika unayoyakwepa kwa sababu ya kimo: kusimama mstari wa mbele kwenye picha, kucheza muziki, kumtongoza mtu aliyekuzidi urefu, kuomba uongozi. Yapange kuanzia jepesi. Chukua la kwanza, na kabla hujalifanya andika unachotabiri kitatokea, kwa maneno kamili: "watacheka", "atageuka aondoke". Lifanye. Andika kilichotokea. Rudia hadi lichoshe, ndipo upande la pili. Wakati mwingine utabiri utatimia na mtu atacheka kweli; hilo nalo liandikwe, pamoja na ulichofanya baada ya hapo. Miezi mitatu ya daftari hilo inakwambia zaidi kuliko video zote za watu wanaoonyesha makovu yao.

Viatu vyenye soli ya ndani ya kuinua sina ugomvi navyo. Sentimita 2 au 3 zinaingia kwenye kiatu cha kawaida kabla kisigino hakijaanza kuchomoka. Lakini ukijikuta unakataa mialiko ya mahali ambapo viatu huvuliwa, soli hiyo imeshakuwa sehemu ya tatizo.

Kijana ambaye bado anakua hapaswi kuwa kwenye mazungumzo haya kabisa. Aende kwa daktari wa watoto, apigwe eksirei ya mkono wa kushoto ionyeshe umri wa mifupa. Mtoto wa shule ya msingi anayeongezeka chini ya sentimita 4 kwa mwaka achunguzwe tezi ya koo, homoni ya ukuaji, utumbo, na msichana achunguzwe pia kromosomu. Sababu hizo baadhi zina tiba, na tiba ina dirisha: gegedu za ukuaji, zile sehemu za ncha za mifupa ambamo mfupa hurefukia, zikishafunga, homoni hairefushi mfupa tena, inanenepesha taya na viganja. Vidonge vya kurefuka vinavyouzwa kwa watu wazima, na mazoezi ya kuning'inia, achana navyo.

Baada ya haya yote, kama bado unautaka upasuaji, na unautaka kwa utulivu, nenda. Chagua kurefusha mfupa mmoja wa kila mguu, si yote minne. Lenga sentimita 5 au 6 za paja, hata kama daktari anasema 8 zinawezekana. Madhara huongezeka kadiri unavyosogea mbele. Kumbuka mikono na kiwiliwili havibadiliki, na kwamba kutoka sentimita 160 kwenda 166 hakutaonwa na wengi isipokuwa wewe na fundi wako wa nguo. Usirudi kwenu kwa ndege ukiwa bado unatenganisha, hasa kama daktari wa kwenu hana mashine ya kuendesha chuma chako; likitokea tatizo, hatakuwa na cha kukirudisha nyuma.

Kwa daktari, peleka maswali kwa maandishi. Amefanya mapaja mangapi ya watu wazima wenye miguu isiyo na ugonjwa? Wangapi walirudi chumba cha upasuaji bila kupangwa? Nani atasimamia mazoezi, na mara ngapi kwa wiki? Damu isigande, atatoa dawa gani na kwa muda gani? Gharama ya kutoa vyuma imo? Asiyekuuliza kwa nini unataka, wala kukupeleka kwa mtaalamu wa afya ya akili kabla ya kukupangia tarehe, ondoka kwake. Swali la mwisho liwe hili: nikifika sentimita 4 nikasema inatosha, utasimama bila kunibishia? Jibu lake liandikwe kwenye fomu ya ridhaa kabla hujatia sahihi.