Jozi ya Bastola za Fataki na Pembe Isiyoulizwa Ilikotoka

Mwezi Mei 2022, kampuni ya mnada ya Rock Island ya Marekani iliuza kasha moja lenye bastola mbili za Remington kwa dola milioni 5.17. Bastola hizo alitunukiwa Ulysses Grant, jenerali wa upande wa Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, baada ya kuuteka mji wa Vicksburg mwaka 1863. Chuma chake kimejaa nakshi, na mipini yake ni ya pembe za ndovu iliyochongwa sura ya Grant mwenyewe. Wako waliosema kwamba huo ni wendawazimu wa matajiri, lakini kwa maoni yangu mnunuzi alilipia ushahidi, maana ni nadra kupata bastola mbili, kasha lake na jina la aliyezipokea vikiwa pamoja baada ya zaidi ya miaka 150.

Kwa wasiozifahamu, bastola za fataki ni zile zilizotangulia risasi zenye ganda la shaba. Baruti na risasi hutiwa kwa upande wa mbele wa silinda na kushindiliwa kwa wenzo ulio chini ya mtutu, kisha fataki, ambayo ni kikofia kidogo cha shaba, huvalishwa nyuma ya kila chumba. Ndiyo maana kasha la enzi hiyo huwa na chupa ya baruti, kalibu ya kusubia risasi, kopo la fataki na bisibisi. Samuel Colt, mtengenezaji wa bastola wa Marekani, alipata hataza yake, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, mwaka 1836, na ni kiwanda chake cha Hartford, jimbo la Connecticut, kilichozifanya bastola za namna hii kuwa zawadi ya kupewa wafalme na majenerali.

Nakshi nyingi bora za Colt zilitoka katika mikono ya mafundi waliohamia kutoka nchi za Kijerumani, na anayesifiwa kuliko wote ni Gustave Young, ambaye baadaye alihamia Springfield kuifanyia kazi kampuni ya Smith & Wesson. Majani yake yanayojisokota hukaa juu ya uwanja uliotobolewa vitone vidogo vidogo, na mara nyingi hata kichwa cha mtambo unaopiga fataki hugeuzwa kuwa kichwa cha mbwa au mbwamwitu. Nakshi hiyo ilichongwa kabla ya chuma kutiwa rangi ya buluu. Kwa hiyo katika bastola isiyochezewa, mabaki ya rangi huonekana ndani ya mifereji ya nakshi hata pale ambapo uso wa chuma umeshakwanguka. Mfereji unaong'aa na kukata katikati ya mashimo ya kutu umechongwa baada ya kutu, na muuzaji asiyelisema hilo ni mwongo. Vilevile mahameli ya kasha hulalia umbo la bastola iliyokaa humo kwa miaka mingi, na bastola ngeni iliyowekwa juzi haikai sawasawa katika alama hizo. Kwa sababu hiyo ninaipenda zaidi jozi iliyochakaa kwa haki kuliko ile iliyosuguliwa ikang'aa, ingawa najua wanunuzi wengi huvutwa na mng'ao.

Tatizo kubwa zaidi ni jozi za kulazimishwa. Bastola mbili zinazofanana zikiwekwa ndani ya kasha moja, bei yake hupanda kupita jumla ya bei za kila moja, na kishawishi cha kuzifanya jozi bastola zisizohusiana ni kikubwa. Nambari za kiwandani zinazofuatana ni dalili njema, ila hazitoshi zenyewe. Mfano mzuri ni bastola mbili za Colt za aina ya Dragoon zilizotiwa dhahabu, nambari 12406 na 12407: ya kwanza alipewa Sultani Abdülmecid wa Uthmaniya, na ya pili Mfalme Nicholas wa Kwanza wa Urusi, wakati mataifa yao yalipokuwa yakipigana katika Vita vya Krimea. Colt alikuwa akiwatafuta wateja pande zote mbili bila haya yoyote. Leo moja iko katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na nyingine iko Hermitage, Saint Petersburg. Kuziunganisha katika kasha moja kungependeza macho na kuipotosha historia yake, kwa kuwa ziligawanywa na yule yule aliyezitengeneza.

Hata hivyo, wakusanyaji hawa wanaosoma kila mkwaruzo hunyamaza wanapofika kwenye mpini. Katalogi za minada hulitaja jina la mchongaji, mwaka, nambari na hata kiasi cha rangi kilichobaki, halafu pembe huelezwa kwa rangi yake na nyufa zake tu. Ukiteremka Mto Connecticut kutoka Hartford, unafika Deep River na Ivoryton, miji iliyotajirika katika karne ya 19 kwa kukata pembe za kutengenezea vitana na vibao vya piano, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilinunuliwa Unguja. Wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Marekani, walikuwa na njia iliyo wazi, kwani Sayyid Said alitia saini mkataba na Marekani mwaka 1833, na kitambaa cha merikani kilichoshuka bandarini Unguja kilibadilishwa kwa pembe zilizoletwa pwani mabegani mwa wapagazi kutoka bara. Sidai kwamba kila mpini wa Colt ni pembe ya Tabora au Ujiji. Ninachodai ni kwamba swali hilo lina haki ya kuulizwa kwa bidii ile ile inayotumika kubishana kama nakshi ni ya Young au ya mwanafunzi wake.

Siku hizi pembe inatajwa zaidi kwa sababu ya sheria. Uingereza, kwa mfano, imepiga marufuku biashara ya pembe za ndovu, na miongoni mwa misamaha michache ni vitu vya kabla ya Machi 1947 ambavyo pembe ni chini ya asilimia 10 ya ujazo wake, navyo ni lazima visajiliwe. Naiunga mkono marufuku hiyo. Lakini yule anayetaka kung'oa mipini ya asili na kubandika ya plastiki ili auze kwa urahisi nampinga moja kwa moja: anaharibu jozi, na anaifuta alama pekee ya ndovu na wapagazi iliyobaki ndani ya kasha. Mipini ibaki mahali pake, na katika maelezo ya mnada iandikwe kuwa hiyo ni pembe ya ndovu, ikifuatwa na lolote linalojulikana kuhusu njia ambayo pembe hiyo ilipitia.