Nilimwita Dallas, Fort Worth Wakashangilia

Sisi wa Nyeri tuliolelewa na Jim Reeves, yule mwimbaji wa kantri wa Texas, redioni, ukitupeleka Texas tunajiona tumerudi kwetu. Kwa hiyo nilipoachwa sikulia. Nilinunua gitaa.

Nikatunga wimbo wa kantri, nikamfananisha yule dada na Dallas. Usiku anametameta kama tufe la taa la Reunion Tower, ule mnara wa Dallas. Ukimkaribia, unalipia maegesho. Kila barabara ya kwenda moyoni mwake ina tozo. Ubeti wa mwisho mimi ni Arlington, mji ulio kati ya Dallas na Fort Worth: niko katikati, kila mtu ananipita akielekea kwingine, na hata basi halisimami. (Anayeishi Arlington bila gari anaelewa uchungu huo.)

Sasa, mahali pa kuuimbia. Nilipata baa moja ya Stockyards, mtaa wa soko la zamani la ng'ombe huko Fort Worth, usiku ambao yeyote anaruhusiwa kupanda jukwaani. Fort Worth na Dallas zimeachana kilomita 50 hivi tu, lakini wivu wao ni wa wake wenza. Amon Carter, aliyekuwa na gazeti lake Fort Worth, husimuliwa kwamba akiwa na safari ya Dallas alijifungashia chakula chake, asije akawaachia senti.

Nilipofika kwenye "umenitoza, Dallas", ukumbi ukalipuka. Mzee mmoja mwenye buti za ngozi ya nyoka akapiga meza: "Waambie, kijana!" Nikaingia ubeti wa Arlington, sauti inakatika, machozi yananilengalenga. Wakacheka hadi wakashika mbavu. Nikajaribu kueleza kwamba Dallas ni mwanamke, ana jina, na ameondoka na feni yangu. Wakadhani hicho ni kipande kingine cha kichekesho. Niliimbishwa upya mpaka vidole vikaota malengelenge, na mwenye baa akaniuliza kwa upole kama nina mwingine anayefanana na Houston.

Kulipokucha, video ilikuwa imeshazunguka magrupu yote ya Wakenya wa Texas. Simu ikalia. Shangazi yake.

"Hujambo, kijana?"

"Sijambo, shangazi."

"Nasikia msichana wetu ana tozo."

"Ni wimbo tu, shangazi."

"Mahari ulileta?"

"Bado, shangazi."

"Hata mbuzi mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi niambie, hiyo tozo unayoililia mbele ya wazungu ulilipia wapi?"