Mara milioni nne, mara mbili

Hoja yenyewe imezoeleka: kompyuta zimekua kwa kasi ya ajabu, basi kila teknolojia itakua hivyohivyo. Mwaka 1965 Gordon Moore, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya chipu ya Intel, aliandika kwamba idadi ya vijenzi ndani ya chipu moja ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akairekebisha, ikawa kila miaka 2. Tangu hapo, yeyote anayetaka kutabiri jambo, liwe akili unde, betri za magari au roboti za jikoni, huanzia kwa kompyuta ya nyumbani. Commodore 64 ya mwaka 1982 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64. Kompyuta ya mitumba yenye gigabaiti 16, ya kawaida kabisa madukani Nairobi, ina kumbukumbu mara 262,144 ya ile. Basi nani atabisha kwamba kesho itakuja kwa kasi hiyohiyo?

Wabishi wapo, ila husikizwa vibaya. Huitwa wakatisha-tamaa, watu wa zamani walioachwa na gari. Wanachosema ni chepesi zaidi: kompyuta si kitu kimoja. Ina sehemu zake, kila sehemu imekua kwa mwendo wake, na aliyekaa mbele ya skrini huingojea ile iliyobaki nyuma.

Itazame diski. Seagate ST-506, ya mwaka 1980, ilibeba megabaiti 5 ikizunguka mara 3,600 kwa dakika. Diski ya leo ya terabaiti 20 huzunguka mara 7,200. Nafasi imepanda mara milioni 4. Mzunguko, mara 2. Hesabu hiyo inafaa kukaliwa kidogo. Mizunguko 7,200 kwa dakika ni 120 kwa sekunde, yaani mmoja huchukua milisekunde 8.3. Kwa wastani, data unayoitaka iko nusu mzunguko mbali: milisekunde 4.2. Ongeza kama 9 za mkono wa kusomea kufika kwenye njia yake, unapata 13. Kwa hiyo diski hutimiza maombi 75 hivi kwa sekunde yakiwa yametawanyika, nao mfumo endeshi unapoamka huomba vijifaili kwa maelfu. Katika milisekunde hizo 13, prosesa ya gigahezi 3 imepiga mapigo milioni 39 ikisubiri. Ndiyo maana watu walikuwa wakiwasha kompyuta kisha wanakwenda kuinjika chai. Kununua prosesa mpya hakukuondoa subira hiyo.

Kilichoiondoa ni SSD, hifadhi ya chipu tupu, ambayo haina kinachozunguka. Fundi yeyote wa barabara ya Luthuli, Nairobi, anajua kazi hii: unanakili diski ya zamani kwenye SSD ya gigabaiti 256, unaipachika kwa waya zilezile za SATA, na kompyuta ya miaka 10 inaamka kama mpya. Yanayoharibika ni machache. La kwanza, data iliyopo inazidi nafasi ya SSD, kwa hiyo ipunguze kabla ya kunakili. La pili ni betri ya kidonge kwenye madabodi, CR2032 ya volti 3, ambayo katika mashine za mitumba mara nyingi imekwisha. Ikifa, mpangilio wa BIOS (programu ndogo inayoiamsha kompyuta) hurudi wa kiwandani, diski ikaitwa kwa namna nyingine badala ya AHCI, ile ambayo mfumo endeshi umeizoea, nawe unapata skrini ya bluu ukadhani SSD ni mbovu. Saa nayo hurudi miaka nyuma, na kivinjari kinakataa tovuti za benki kwa kuwa vyeti vyao vya usalama vinaonekana bado havijaanza kutumika. Mashine yenye transista zaidi ya bilioni moja, imefungiwa nje ya intaneti na kidonge cha volti 3!

Hapa ndipo wabishi wana jambo la kutufundisha. Sehemu iliyokwama haikuharakishwa mpaka ikatosha. Iliondolewa, ikaingia nyingine. Wakenya tumeliona hilo kwa intaneti. Kabla ya mwaka 2009 mawasiliano yetu na ng'ambo yalipita kwenye setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu. Ujumbe ukienda na jibu likirudi, safari hiyo hupitwa mara nne, na hata kwa mwendo wa mwanga ni karibu nusu sekunde. Hakuna modemu ambayo ingeipunguza. Mwaka ule zikaja nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS, na nusu sekunde ikabaki historia. Starlink iliyoingia Kenya mwaka 2023 imefanya vivyo hivyo kwa njia ya angani: imezishusha setilaiti hadi kilomita 550 hivi.

Wenye matumaini wana haki yao. Mwaka 2004 Pentium 4 ilifika gigahezi 3.8, Intel ikaachana na ile ya gigahezi 4 kwa sababu ya joto, na wengi wakasema safari imeisha. Haikuisha, zikaja prosesa zenye viini viwili, vinne, vinane. Njia moja ikizibwa, husema, hupatikana nyingine. Kweli, ila viini vingi husaidia kazi inayogawanyika. Sufuria moja ya ugali haiivi upesi kwa kuongezewa wapishi.

Sasa swali linalowasha watu: je, akili unde itahamia nyumbani, kama kompyuta zilivyotoka kwenye vyumba vya makampuni makubwa? Tungependa hivyo, hasa baada ya Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikajikokota. Tafuta kwanza sehemu inayosubiriwa. Modeli ya akili unde yenye vigezo (namba ilizojifunza) bilioni 7, ikibanwa hadi biti 4 kwa kila kigezo, ni gigabaiti 4 hivi. Ili itoe tokeni moja (si ya stima, ni kipande cha neno), kompyuta husoma gigabaiti zote 4 kutoka kwenye kumbukumbu. Prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 4, yenye kumbukumbu ya DDR3 ya 1600 katika njia mbili, husoma gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Gawanya: tokeni 6 kwa sekunde, na hiyo ndiyo dari. Ukiweka kipande kimoja cha gigabaiti 8 badala ya viwili vya 4, njia inabaki moja na dari inashuka hadi 3, ingawa gigabaiti ni zilezile. Hapa pia prosesa iko kwenye foleni, kama enzi za diski.

Dawa yake ipo: kumbukumbu ya HBM, iliyopangwa ghorofa kwa ghorofa kando ya prosesa. Na imewahi kufika nyumbani. Radeon VII ya mwaka 2019, kadi ya kuchezea gemu, ilikuwa na gigabaiti 16 za HBM2 zikisomwa kwa terabaiti 1 kwa sekunde. Kwa modeli ileile, dari ni tokeni 250. Kisha kadi za gemu zikarudi kwenye GDDR, kumbukumbu yao ya kawaida, na HBM ikaenda kwenye mitambo ya makampuni makubwa, ambako mnunuzi halii na bei. Anayetaka kujua kama wenye matumaini watashinda aitazame bei ya kipande hicho cha HBM, na siku kitakaporudi kwenye rafu za madukani.