Ruta Ndani ya Kidaka

Mimi ni mgonjwa wa mitambo na sifichi. Hapa Amu, yaani mji wa Lamu, kuna wanaokosa usingizi kwa mashindano ya punda, kuna waliofunga ndoa na bao, na mimi nikiona waya mpya umekunjwa ndani ya boksi lake moyo hunienda mbio. Mke wangu huwaambia mashoga zake kwamba afadhali ningeoa mke wa pili, angalau huyo angeosha vyombo.

Taabu ni kwamba wanaotengeneza vitu hivi hawajawahi kukanyaga Amu, na ninaoishi nao hawataki kujua vinafanyaje kazi. Wanataka vifanye tu. Vikikataa, kosa ni la mtandao. Pasi haishiki moto, mtandao. Redio inakwaruza, mtandao. Majuzi mama alisema hata nyanya sokoni zimepanda bei kwa ajili ya mtandao, nami nikanyamaza, huenda ana habari nisizo nazo.

Chukua hiyo waifai yenyewe. Kwenye boksi la ruta, kile kifaa kinachoirusha, wamechora nyumba ya vioo na mbao, baba kwenye kochi, mama jikoni, mtoto ghorofani, na mawimbi ya buluu yanawafikia wote kama moshi wa udi. Sasa karibu kwangu, mtaa wa Mkomani. Ukuta wangu ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake kiasi cha nusu mita, umejengwa na mtu aliyetaka ubaridi mchana na siri usiku. Mawimbi ya gigahatsi 5, yale yenye kasi, yakigonga hapo hayaendi mbele. Ya gigahatsi 2.4 hupenya kidogo, yakatokea upande wa pili hoi, hayana nguvu hata ya kufungua picha moja. Na mji wenyewe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya Unesco tangu mwaka 2001, kwa hiyo kuamka asubuhi na drili mkononi utoboe ukuta wa mababu upitishe waya si jambo la mtu mwenye akili zake.

Basi nikapiga hesabu, nikaona katikati ya nyumba ni kule ndani kabisa, kwenye zidaka. Asiyejua zidaka ni vile vishubaka vya plasta vilivyopangwa ukutani, kazi ya mafundi wa zamani, kila kimoja na sahani yake au bakuli lake la Kichina. Nikatoa bakuli moja, moja tu, nikaweka ruta. Ilikaa vizuri, wallahi, kama si zile taa ungedhani imeletwa na jahazi pamoja na hizo sahani. Mke wangu aliingia, akasimama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Baba watoto, hapo palikaa bakuli la bibi yangu kabla babako hajazaliwa."

"Ni katikati ya nyumba, mama watoto."

"Katikati ya nyumba ni mimi."

Ruta ikahamishwa siku ileile. Sasa iko juu ya kigoda nyuma ya mlango wa mbele, nje ya hapo ni daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni, na baraza zake. Mama yangu kaifunika kitambaa alichodarizi mwenyewe. Nikamweleza kwamba ile mitambo hutoa joto kupitia vitundu vile, ikifunikwa itachemka. Akanijibu, "Mwanangu, na vumbi je?" Nikiondoka hufunika, nikirudi hufunua, na hakuna kati yetu anayelizungumza tena. Ni yeye huyo aliyeitia rimoti ya televisheni ndani ya mfuko wa nailoni akaufunga kwa mpira tangu siku ya kwanza. Vifaa vyangu vyote vya kisasa vimeshaota kutu, ila hiyo rimoti. Inang'aa. Siipendi hata kuitazama.

Maana hapa chumvi haina msamaha. Upepo unatoka baharini, unaingia dirishani, unakaa juu ya kila kipande cha shaba ulichonacho. Chomoa chaja yoyote nyumbani kwangu uangalie ncha yake, ina ukijani. Huwa naisugua kwa mswaki na spiriti. Mswaki ni wa nani, usiniulize, na wewe ukila kwangu usiulize.

Halafu kuna maji yenyewe. Binti yangu alikuwa gatini akijipiga picha, simu ikamponyoka ikaingia majini. Alipoileta, kabla sijafungua mdomo, wanawake wa nyumba walikwisha kuizika ndani ya pishi la mchele. Nikasimama nikahutubu. Nikasema mchele hauvuti maji yaliyo ndani ya simu, kwamba Apple wenyewe mwaka 2024 walitoa onyo watu wasifanye hivyo kwa sababu chembe za mchele zinaweza kuiharibu, na kwamba maji ya bahari hayaachi unyevu tu, huacha chumvi. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama simu haitaharibu mchele, maana ule ulikuwa wa pilau ya Ijumaa.

Na huyu binti ndiye wanayemwita mtoto wa kizazi cha kompyuta! Kizazi gani? Hawajui hata vitu vyao vinakaa wapi. Kakake alikuja analia, kazi ya shule imepotea. Nikamuuliza aliihifadhi wapi. Akasema kwenye Word. Nikamwambia Word ni programu ya kuandikia, si mahali. Akaniangalia kwa huruma, vile mtu anavyomwangalia mgonjwa. Nikatoa sandukuni diski yangu laini ya zamani, nikamwonyesha: hii hapa, megabaiti 1.44, huwezi kutia picha moja ya simu yako, na sisi tulijua kila faili limelala wapi.

"Mlikuwa mnaishije, baba?"

"Tulikuwa tunafuta."

Hilo neno hawalijui. Simu ya mama mkwe wangu imejaa hadi haipokei ujumbe, nikaifungua nikakuta maua. Maua ya Ijumaa Karim, maua ya asubuhi njema, maua yenye matone ya umande, vikombe vya kahawa vyenye maua. Nikataka kufuta akanishika mkono. "Hilo nililetewa na marehemu." Utafuta?

Nikikaa peke yangu hufikiri juu ya kompyuta iliyoongoza watu kwenda mwezini mwaka 1969. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa kama kilobaiti 4. Simu ya binti yangu ina gigabaiti 4, mara milioni moja ya ile, na yeye hawezi kuuona ujumbe wangu wa kumwambia apitie ndizi sokoni.

Mwezi nao umenitia aibu, tukiwa tumeutaja. Mwisho wa Shaabani tumepanda darini, watu wote macho magharibi, nami nina programu inayokuonyesha mwezi uko pembe gani, umepanda nyuzi ngapi juu ya upeo, utazama saa ngapi. Nikainyanyua simu, nikamwonyesha mzee mmoja wa mtaa wetu kidole: uko pale, nyuma ya lile wingu. Akauliza, "Simu yako imeuona?" Nikasema haijauona, imepiga hesabu. "Haya," akasema, "ikiuona itwambie." Watu walicheka mpaka wingu likapita, na baada ya wingu kulikuwa na wingu lingine.

Stima nisiizungumze sana, presha yangu haitaki. Nitasema tu kwamba niliagiza Mombasa betri ya akiba ya kompyuta. Ikaja kwa basi hadi Mokowe, upande wa bara, ikavuka kwa boti, na gatini hamali akaiinua akaiweka chini tena. "Bwana, umenunua mawe? Mawe si tunayo hapa?" Punda aliyeibeba alisimama mara mbili njiani kutafakari. Sasa stima ikipotea usiku ile betri hulia, pii, pii, pii, kunijulisha kwamba stima imepotea, jambo ambalo giza lilikwisha kunijulisha. Nyumba zetu zimepakana, jirani hupiga kelele dirishani, "Mlisheni huyo kifaranga!" Nami huku nabonyeza tokeni ya stima kwenye mita, tarakimu 20, kwa tochi ya simu, mama watoto ananisomea, na tukifika ya 17 huniuliza, "Pale pa sita ulibonyeza sita?"

Lakini linaloniuma ni la barazani. Nilianza kuona vijana wanajaa mlangoni pangu kila baada ya Isha. Wametulia, hawana fujo, wananisalimu kwa adabu, "Shikamoo ami," wengine wananipokea mzigo. Nikajisemea huu ndio utu uzima, watu wamejua thamani yangu. Mpaka usiku mmoja nimelala chumbani, simu yangu haipati hata alama moja ya waifai, nasikia huko nje mpira wa Uingereza unatangazwa waziwazi, bila kukatika. Bila shaka! Mlango ni mbao. Mbao hazizuii mawimbi kama jiwe. Nusu mita ya matumbawe iko baina yangu na ruta yangu, na baina ya ruta yangu na hao mabwana mna ubao uliochongwa maua. Nenosiri nani kawapa? Mama. Walimwomba kwa heshima.

Nikabadilisha nenosiri usiku uleule. Nikaweka refu, lenye herufi kubwa na ndogo na alama ambazo mimi mwenyewe ilinibidi niziandike kwenye karatasi. Asubuhi, kabla sijanywa chai, hodi. Vijana wanne, wamevaa kanzu, nyuso za huzuni.

"Shikamoo ami. Waifai yako tangu jana ina matatizo. Tumekuja tukuangalizie, na usijali, hatutakutoza kitu."

Kutoka ndani nikamsikia mama: "Waingie, wanangu. Karatasi iko chini ya kitambaa."