Kabla ya kubeba gunia la unga

Mshahara ukiingia, Lubumbashi yetu ya Kongo inakuwa mji wa magunia. Teksi zinatoka kwenye depo, yaani maduka ya jumla, zimelemewa nyuma: unga kilo 25, bidoni ya mafuta, katoni ya samaki wa barafu tunaowaita Thomson, inayochuruzika maji kwenye viti. Sina ugomvi na depo, hata mimi ni mteja. Ila unga, ambao ndio kila mtu anaukimbilia kwanza, mimi huko siununui.

Tabia hii tumeirithi. Wazee waliofanya kazi kampuni ya migodi ya Union Minière, na baadaye Gécamines iliyochukua nafasi yake, walikuwa wanapewa posho, yaani unga, samaki, mafuta, na mama alichohitaji ni mfuko na uvumilivu wa foleni. Stoo ilikuwa ya kampuni. Gécamines ilipoyumba miaka ya 1990 posho ikakauka, lakini fikra ikabaki kwamba nyumba yenye heshima haikosi gunia kwenye kona. Kampuni ilikuwa na maghala makavu na watu wa kuyalinda. Sisi tuna chumba kimoja chenye watoto, panya na paa linalovuja.

Unga uliosagwa pamoja na kiini cha mahindi hauna maisha marefu, kwa sababu kiini kina mafuta, na mafuta hayo yakishapigwa na hewa yanaanza kuchacha. Bukari yake, yaani ugali, inakuwa na uchungu ambao hata sombe (kisamvu) haiwezi kuuficha. Ule mweupe uliokobolewa unavumilia zaidi, lakini msimu wa mvua nao unashika unyevu na kuganda mabonge. Punje nzima iliyokauka vizuri inakaa miezi mingi. Ndiyo maana nanunua mahindi baada ya mavuno, mwezi wa tano au wa sita, bei ikiwa imeshuka, nayasambaza juani tena hata muuzaji akiapa kwamba yamekauka, halafu nayasaga kidogo kidogo. Pumba ni za kuku. Kazi ipo, sikatai. Lakini anayenunua unga mwezi wa pili analipa bei ya watu wote wanaosubiri mashamba yaive.

Halafu kuna Kasumbalesa, mpakani kwetu na Zambia. Unga mwingi tunaokula unapita pale kutoka Zambia. Mwaka 2024 Zambia ilipigwa na ukame mpaka Rais Hichilema akatangaza janga la taifa, na mwezi wa nane mwaka huohuo Zambia ikafunga mipaka yake na sisi ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache, chanzo kikiwa mabishano ya bia na vinywaji baridi. Bia! Watu wanautumia mfano huo kunionyesha kwamba gunia ndani ya nyumba ni lazima. Nakubali akiba ni lazima. Lakini anayekimbilia depo siku mpaka umefungwa hajiwekei akiba, anamtajirisha mwenye depo.

Maharage nayo yana hila yake. Yakikaa muda mrefu ghalani kwenye joto na unyevu yanakuwa magumu, unayachemsha tangu mchana na jioni bado yanagonga meno. Kile ulichookoa kwenye bei kinaliwa na makala (makaa) kwenye mbabula, jiko letu la mkaa. Hayo nanunua kwa meka, yaani kipimo cha sokoni, soko la komini ya Kenya hapahapa Lubumbashi, kwa mama ambaye nitamkuta palepale wiki ijayo nikiwa na malalamiko.

Depo inanifaa kwa chumvi, sabuni, sukari na mchele. Kabla ya kulipa, angalia mshono wa gunia. Matundu ya sindano yakiwa mengi kuliko uzi wenyewe, gunia hilo limeshafunguliwa na mtu kabla yako. Omba lipimwe mbele yako. Muuzaji akikasirika, jibu umeshalipata.

Maduka ya Wahindi na Wagiriki mjini napita kwa ajili ya dengu na viungo, tena vichache. Bizari ya kopo kubwa ikifika nusu inakuwa vumbi la njano tu.

Tunabaki na katoni ya samaki. Kwa umeme tunaoujua wa SNEL, shirika letu la umeme, kujaza kongelateri (friza) ni kamari, na umeme ukikatika usiku mzima utapika samaki wa wiki mbili asubuhi moja na kuwaita majirani kwa lazima. Basi waite mapema. Sisi tunanunua katoni moja wanawake watatu, tunaigawa siku hiyohiyo kabla barafu haijayeyuka, kila mmoja anaondoka na samaki wa siku mbili kwa bei ya depo. Kwa sasa tumebaki wawili, mwenzetu mmoja amehamia Kolwezi kumfuata mumewe. Alikuwa anachukua samaki wadogo bila kununa, na mtu wa namna hiyo kumpata si rahisi.