Vigelegele vya Shangazi Radio 3

Kabla hamjamwamini yule rafiki yangu anayesambaza kipande cha sauti kwenye makundi, nisikilizeni mimi niliyekuwepo. Si kweli anavyodai, kwamba mimi na Shangazi tulitolewa ukumbini na polisi. Polisi hawakuwepo.

Shangazi kaja London kutoka Tanga. Nikampeleka ukumbi wa Royal Albert Hall kwenye Proms, yale matamasha ya muziki wa klasiki ya kila kiangazi, tiketi za kusimama, ambazo ni nafuu na zinakuweka pua na mdomo na jukwaa. Njiani nikajitia ualimu: simfonia ya sita ya Tchaikovsky, yule mtunzi Mrusi, mwaka 1893 aliiongoza mwenyewe, siku 9 baadaye akafa. Na Radio 3 ya BBC wanairusha moja kwa moja, kwa hiyo kimya, Shangazi.

"Nimesikia, mwanangu." (Wenye mashangazi wa Tanga, mnacheka nini?)

Sasa, simfonia ile ina sehemu nne. Ya tatu ni machi: inapanda, inapanda, tarumbeta, ngoma, matoazi, halafu pwaa! Asiyeijua anadhani imekwisha. Haijakwisha. Kondakta kaacha mikono juu, ukumbi mzima umebana pumzi. Hapo ndipo nikasikia ubavuni kwangu hewa ikivutwa. Nageuka, ulimi wa Shangazi umeshafika mahali pake. Ya Rabi, si leo.

Vigelegele. Vile vya kumtoa bibi harusi ndani. Ukumbi wenyewe wa duara, ukavizungusha ukavirudisha. Akatua, akavuta pumzi, akaongeza. Kisha mkono ukaingia kifuani ukatoka na noti ya pauni 10. Huyu kakulia kwenye taarabu za Black Star, kundi la kwao Tanga, muziki mtamu hausikilizi mikono mitupu. Akaanza kupenya kuelekea kwenye reli: "Nipisheni nimtunze huyu wa fidla!" Mimi nimeng'ang'ania pindo la kanga, navutwa kama tela. Mzee mmoja wa Kiingereza akamfanyia "shhh", Shangazi akamjibu, "Ahsante, baba." Mpiga fidla anaitazama noti. Kondakta anatazama dari.

Sehemu ya nne ikaanza, ile ya majonzi, nikalia kweli kweli. Jirani akanipa kitambaa, akidhani nimeguswa na muziki. Tukatoka, basi, nyumbani, kulala.

Asubuhi Shangazi akanitaka nimtumie ile sauti. Kaipeleka Tanga kwenye kundi la ukoo, na maelezo juu: "Nimetoka redioni Uingereza. Hela yangu hawakuipokea, wana kiburi, lakini sauti wameichukua."